Kutoka Vugiri Hadi Kurasini: Safari ya Picha za Sinema

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Mwenye kitabu akifungue. Asiye na kitabu asogee karibu na mwenzake, wasome pamoja. Mwalimu wa darasa atasimama mwisho wa kila sehemu ili mpate kuulizana.

Leo tutasoma historia ya kitu ambacho wengi wenu mmekuja nacho mfukoni. Ni chombo cha kupigia picha za sinema. Leo chombo hicho kimo ndani ya simu. Lakini zamani kilibebwa kwa lori, na waliokishika hawakuwa sisi.

Kosa langu

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana kosa la mwalimu nalo ni somo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikilitembelea darasa moja la jioni huko Kurasini, upande wa Temeke. Katika darasa hilo alikuwamo mzee mmoja aliyepata kufanya kazi ya ukuli bandarini. Aliikumbuka Kurasini ya ujana wake, kabla makontena na malori hayajajaa. Aliwakumbuka vijana wa Msumbiji waliosoma hapo wakati wa vita vya ukombozi. Siku moja nikamwambia, "Mzee wangu, maneno haya yasipotee. Naomba niyanase katika simu." Akakubali kwa furaha, akavaa kanzu safi na kofia.

Nikamketisha barazani, mgongo wake ukielekea barabarani na jua la saa kumi. Mimi nikasimama mbali kidogo, simu mkononi. Mzee akasema kwa dakika 20. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Sikuitazama picha ile siku hiyo, wala siku ya pili yake.

Baada ya miezi mitano mzee akafariki dunia. Wanawe wakanijia wakaniomba picha ya baba yao. Nikaifungua simu. Nikaona kivuli cheusi chenye kofia, na nyuma yake mwanga mkali. Picha ilitikisika kama mtu aliye ndani ya daladala. Sauti iliyosikika ilikuwa ya malori, honi na upepo. Maneno ya mzee yalisikika hapa moja, pale moja. Wanawe walinyamaza kimya, kisha wakaniaga kwa adabu. Nilitamani wangenigombeza.

Simu ilikuwa nzuri. Aliyeishika ndiye aliyekuwa hajui. Basi tangu siku ile nikaanza kujiuliza: watu wa zamani, waliokuwa na vyombo vigumu kuliko hivi, walifanyaje? Ndiyo habari ya leo.

Sehemu ya kwanza: Picha ya sinema ni nini?

Picha ya sinema haitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, zinazopita upesi mbele ya macho yetu. Jicho haliwahi kuzitenganisha, basi huona kama watu wanatembea. Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kila sekunde. Fanya hesabu: 24 mara 60 ni 1,440. Kwa dakika moja tu, picha 1,440 zimepita mbele yako. Simu nyingi za leo hupiga picha 30 kwa sekunde.

Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris, tarehe 28 Desemba, 1895. Baada ya hapo sinema ikaenea duniani. Picha zilikuwa juu ya ukanda mrefu, nao ulisafishwa gizani kwa dawa na maji kabla ya kuonekana. Mpigaji hakuweza kujua siku ileile kama amepata au amekosa. Wewe leo unaweza kujua papo hapo. Mimi niliweza kujua, nikapuuza.

Sehemu ya pili: Vugiri, mwaka wa 1935

Sasa tuondoke Dar es Salaam, tupande kaskazini hadi milima ya Usambara, karibu na Korogwe. Huko kuna mahali paitwapo Vugiri. Mwaka wa 1935 Waingereza wawili walianzisha hapo kazi ya kujaribu sinema za mafunzo kwa Waafrika. Mmoja ni Meja L. A. Notcutt, na wa pili ni G. C. Latham, aliyepata kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kazi hiyo ilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani.

Hadi kazi ilipokwisha mwaka wa 1937, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa. Zilihusu kilimo, afya, kodi, na kuweka akiba. Moja ilieleza habari za Benki ya Posta. Mtu mmoja anaficha fedha zake ardhini nyumbani, mwivi anazichukua. Mwenzake anaziweka benki, zinabaki salama. Waigizaji walikuwa Waafrika. Filamu zikapakiwa katika lori, zikatembezwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelfu ya watu wakaziona usiku chini ya nyota.

Sasa sikilizeni jambo la kutufaa. Sauti ya filamu hizo haikuwa juu ya ukanda wa picha. Ilikuwa katika sahani za santuri. Watengenezaji walichagua njia hii kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa bei, na kwa kuwa picha ileile iliweza kuwekewa Kiswahili, au Kisukuma, au Kiganda, kwa kubadili sahani tu. Lakini njia hii ilikuwa na taabu yake. Picha na sahani vikiachana kidogo, mdomo unasema lake na sauti inasema lake.

Watu wa Vugiri walijua kwamba sauti ni kazi ya peke yake, nao waliishughulikia peke yake. Mimi nilipompiga mzee wetu nilifikiri sauti itajileta yenyewe. Haikujileta. Sauti ni nusu ya picha. Mtu huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini asiposikia neno huondoka.

Kwa nini kazi ya Vugiri ilikwisha? Fedha za majaribio zilipomalizika, serikali za kikoloni hazikukubali kutoa fedha za kuiendeleza. Angalieni pia jambo jingine. Filamu zile zilitengenezwa kwa ajili yetu, lakini aliyechagua habari ya kusema hakuwa mkulima wa Usambara wala mvuvi wa Pwani.

Sehemu ya tatu: Waliodhani hatuoni

Mwaka wa 1939 vita kuu vya pili vilipoanza, Serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni, makao yake London. Mkuu wake alikuwa William Sellers, aliyeanza kazi ya filamu Nigeria katika mambo ya afya. Bwana huyu aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Akaweka kanuni: picha ikae muda mrefu, kamera isitembezwe ovyo, pasiwe na ujanja wa kuruka kutoka jambo hadi jambo.

Je, watazamaji wetu walikuwa wazito wa kuona? Kuna kisa kilichosimuliwa sana. Wanakijiji wa Afrika walionyeshwa filamu ya usafi. Walipoulizwa wameona nini, walijibu, "Tumeona kuku." Mwonyeshaji akashangaa, maana hakujua kama mna kuku. Ikabidi filamu itazamwe tena kipande kwa kipande. Kweli, kuku alipita pembeni kwa sekunde moja hivi! Wengine walikitumia kisa hiki kusema kwamba Waafrika hawajui kutazama. Mimi naona kinyume chake. Waliona kile ambacho mwenye filamu mwenyewe hakukiona.

Hivyo sababu ya Bwana Sellers ilikuwa ya dharau, nasi tunaikataa. Lakini kuituliza kamera ni desturi njema kwa mtazamaji wa taifa lolote. Na kuku yule anatufundisha jambo la pili: kabla hujapiga, tazama kilicho nyuma na pembeni mwa mtu wako. Idara hiyo ilifungwa mwaka wa 1955.

Sehemu ya nne: Mtumishi aliyekuwa mwigizaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili hapa Tanganyika kwa ajili ya serikali. Katika filamu ya "Muhogo Mchungu" ya mwaka wa 1952, mwigizaji mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa.

Ndiyo, ni yuleyule. Baadaye aliongoza chama cha wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wazee wengine walimjua kwanza kwa uso wake juu ya kitambaa cheupe cha sinema, kabla ya kumjua kwa siasa. Watu walipenda kumtazama mtu wao akisema lugha yao.

Hata hivyo chombo kilibaki mikononi mwa wengine. Mwafrika alikuwa mbele ya kamera, si nyuma yake. Baada ya Uhuru, mwaka wa 1968, Serikali ikaunda Kampuni ya Filamu Tanzania ili nchi ipige picha zake yenyewe. Lakini kamera, ukanda na dawa za kusafishia vyote viliagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Filamu zilizotoka zilikuwa chache.

Sehemu ya tano: Kamera iliyokwenda kwa miguu

Sasa turudi Kurasini. Chama cha FRELIMO kilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, ili kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno. Mwaka wa 1963 Taasisi ya Msumbiji ikaanzishwa Kurasini, chini ya uongozi wa Mama Janet Mondlane, mke wa rais wa kwanza wa chama hicho. Hao ndio vijana aliowakumbuka mzee wetu. Walikuwa wakimbizi waliokuja kusoma katika mtaa wetu.

Wakati ule Ureno ilisema kwamba hakuna sehemu ya Msumbiji iliyokombolewa. Nani angeamini maneno matupu? Mwaka wa 1971 mwanasheria wa Marekani, Robert Van Lierop, alifika kupitia Tanzania. Yeye na mwenzake mpiga picha, Robert Fletcher, waliingia kaskazini mwa Msumbiji pamoja na wapiganaji. Walichukua kamera ya ukanda wa milimita 16, chombo ambacho mtu huweza kukibeba mwenyewe. Filamu yao, "A Luta Continua", maana yake "Mapambano Yanaendelea", ilitoka mwaka wa 1972. Ikaonyeshwa Marekani na kwingineko, na watu wa mbali wakaona kwa macho yao maisha ya maeneo yaliyokombolewa. Tarehe 25 Juni, 1975, Msumbiji ikapata uhuru.

Fikirini ugumu wa kazi ile. Ukanda wa futi 100 wa milimita 16 haufiki dakika tatu. Ukiisha, umeisha. Hakuna duka porini. Basi mpigaji hujiuliza kwanza: Jua liko wapi? Nisimame wapi? Napiga nini, na kwa nini? Akishapata jibu ndipo abonyeze. Sisi tuna nafasi ya saa nzima ndani ya simu, basi hatujiulizi. Wingi umetufanya wavivu.

Sehemu ya sita: Ukanda unaisha, simu inaingia

Mambo yaliyofuata nitayapitia upesi. Zanzibar ilianza televisheni yake ya rangi mwaka wa 1973. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka wa 1994. Kanda za video zilipoenea, gharama ya kupiga picha ikashuka, maana kanda ya video haihitaji kusafishwa kwa dawa na huweza kutumiwa tena. Kuanzia miaka ya 2000 vijana wa Dar es Salaam wakatengeneza filamu nyingi za video kwa Kiswahili, na Kariakoo ikawa soko lake. "Girlfriend" ya mwaka wa 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ni mojawapo ya zile za mwanzo zilizovuma.

Kisha kamera ikaingia katika simu. Mwaka wa 2015 Marekani ilitoka filamu iitwayo "Tangerine", ya mwongozaji Sean Baker. Ilipigwa kwa simu za iPhone 5s, ikaonyeshwa katika majumba ya sinema. Walitumia simu, lakini waliongeza lenzi, kifaa cha kutuliza mkono, na vinasa sauti vya kando. Mnaona? Hata wao hawakuiachia simu kazi ya sauti.

Sehemu ya saba: Mambo saba ya kushika

Historia isiyotufundisha kazi ni hadithi tu. Basi shikeni mambo haya saba.

Kwanza, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Mfukoni mna jasho na vumbi, na alama ya kidole huleta ukungu.

Pili, jua au dirisha liwe nyuma yako wewe mpigaji, au ubavuni. Lisiwe nyuma ya unayempiga. Asubuhi na jioni mwanga ni laini. Saa sita mchana macho huwa mashimo meusi, basi mpeleke mtu kivulini. Kisha gusa uso wake juu ya kioo cha simu, ili simu ijue kwamba huo ndio unaotakiwa kuonekana.

Tatu, laza simu ubavu kama picha itatazamwe kwenye televisheni au ukutani. Bana viwiko vyako kifuani, au egemea ukuta, au weka simu juu ya kiti chenye vitabu. Ukitaka kumwona mtu kwa karibu, nenda karibu. Usivute picha kwa vidole, maana inaharibika.

Nne, tulia. Hesabu hadi kumi kabla ya kuhama kutoka jambo hadi jambo.

Tano, sogeza sauti. Chagua mahali pasipo na upepo wala barabara. Kwa wakazi wa Kurasini, barabara ya Kilwa na malori ya bandari havinyamazi, basi ingieni uani au chumbani. Ukiweza, azima simu ya pili, iweke karibu na kifua cha msemaji, irekodi sauti peke yake. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera. Baadaye kofi hilo litakusaidia kuziunganisha picha na sauti, zisiachane kama sahani za santuri.

Sita, jaribu kwanza. Hakikisha chaji ipo na nafasi ipo. Zima mawasiliano ya simu ili usipigiwe katikati. Piga nusu dakika, tazama, sikiliza kwa makini, ndipo uanze. Ukimaliza, tazama tena kabla msemaji hajaondoka. Siku hiyohiyo weka nakala mahali pengine.

Saba, omba ruhusa. Mtu akikataa, mwache. Mweleze pia nani atakayeiona picha yake. Na kumbukeni kwamba ndani ya bandari na penye matangi ya mafuta hapapigwi picha bila kibali.

Mwisho

Ndugu wanafunzi, Kurasini inabadilika. Nyumba nyingi zimevunjwa ili kupanua kazi za bandari, na wenyewe wamehamia kwingine. Mwaka wa 2016 daraja la Nyerere lilifunguliwa, likaunganisha Kurasini na Kigamboni. Haya ni maendeleo. Lakini wanaokumbuka mtaa ulivyokuwa wanapungua kila mwaka. Hakuna lori litakalokuja kutoka Vugiri kuwapiga picha, wala mwanasheria kutoka Marekani. Ni juu yetu.

Mzee wangu alivaa kanzu safi kwa ajili ya picha ile. Alinipa maneno yake, nami sikuyapokea vizuri. Wewe unaye mzee wako. Yupo leo. Nenda kwake kabla ya wiki kwisha, na umketishe mahali ambapo jua litamwangaza usoni.

Kwaherini, hadi somo lijalo.

Maneno mapya

Baraza: mahali pa kukaa mbele ya nyumba.
Santuri: chombo cha zamani cha kupigia sahani za muziki na maneno.
Lenzi: kioo cha kamera kinachopitisha mwanga.
Nakala: kitu kilichofanywa sawasawa na kile cha kwanza.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini sauti ya filamu za Vugiri iliweza kubadilishwa lugha kwa urahisi?
2. Wanakijiji waliona kuku. Wewe unasema walikosea, au waliona vizuri? Toa sababu.
3. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Kwa dakika tatu ni picha ngapi?
4. Mwalimu alifanya makosa mangapi alipompiga picha mzee? Yataje.

Kazi ya wiki

Wanafunzi wawili wawili, mmoja ashike simu na mwingine aulize maswali. Mpigeni picha mzee mmoja wa mtaani kwenu kwa dakika tano, akieleza mahali palivyokuwa alipokuwa kijana. Andikeni katika daftari jina la mahali, tarehe, na sentensi tano alizosema. Wiki ijayo tutazisoma na kuzitazama pamoja.